Lifti ya Jengo Namba Kumi na Nne

*Hrodna, Agosti*

Saa mbili usiku mtandao ulikatika.
Hapakuwa na radi. Simu mkononi mwangu
ikawa kioo cha kujitazamia,
na uso niliouona, nakiri, haukunipendeza.

Mimi fundi wa lifti, mwaka wa ishirini na tatu.
Najua kila jengo lina koo moja,
na mtaa wetu ulipozibwa mdomo
ukaanza kusemea kooni.

Karatasi ya kwanza ni ya Yanina, ghorofa ya nne:
*Zmitser wangu hajarudi. Shati la kijani. Nani kamwona?*
Chini yake, kwa penseli:
*Darajani, saa moja. Anatembea.*
Anatembea.
Yanina alipanda na neno hilo, akashuka nalo,
mara sita, asitoke.

Redioni mama mwenye sauti ya asali
alisema ni adui wa nje anayechezea mitambo,
mji umetulia, watu wanavuna viazi.
Viazi! Na magari ya deraya yakipita
vikombe vyangu vinagongana kabatini.

Alfajiri pakawa na karatasi nyingine,
imechapwa, pembe sawasawa, gundi ya ofisini:
*Waandamanaji wametia sumu majini. Msinywe.
Kijana wa ghorofa ya nne ni mmoja wao.*
Lisemwalo lipo, walisema wahenga.
Wahenga hawakuijua mashine ya kuchapa
ya wizara.

Kufikia saa nne duka la Haliuta halina chupa.
Majirani wakampita Yanina kama ngazi yenye utelezi.

Ndipo Bi Stanislava wa ghorofa ya tisa,
aliyetuma simu za maandishi posta
tangu enzi ya neno moja kopeki tatu,
akaingia na glasi ya maji ya bomba.
Alisimama kila ghorofa, mlango ukifunguka,
akinywa funda moja, kimya,
kama anayehesabu gharama.

Nami? Nilisubiri saa nzima
nione kama atakufa
ndipo nikanywa.

Mchana mkuu wangu alipiga simu ya waya:
"Zima lifti zote. Sema ni matengenezo."
"Za watu wazima je, wenye magongo?"
"Zima."

Nikaizima.
Ghorofa ya chini, mlango wazi,
karatasi zote mahali pake,
na ile ya gundi ya ofisini pia,
wazilinganishe wenyewe.
Taa niliiacha ikiwaka.
Ya taa
hakuniambia.