Kikatio cha Vendel

Szeged, Januari. Mto Tisza umeota ganda la barafu,
na Piroska amevaa koti la maabara juu ya sweta mbili.
Kipande cha kioo, ukubwa wa ukucha wa dole gumba,
alikipaka mbegu za zinki tangu jana usiku,
mbegu usizoziona hata ukitoa macho.
Leo amekilaza kifudifudi ndani ya maji ya chumvi,
makapi yasije yakakiangukia mgongoni,
akakaza kifuniko, akawasha tanuri: tisini.

Saa sita. Hakuna wa kupuliza wala wa kukoroga.
Zinki inashika oksijeni, oksijeni inashika zinki,
safu juu ya safu,
ubavuni polepole, utosini mbio,
mpaka ufito unasimama na pembe zake sita
kama penseli isiyo na aliyeichonga.

"Wiki iliyopita ulivuna magugu,"
anasema Botond mlangoni, kitunguu kibichi mdomoni.
Piroska hamjibu. Anafungua.
Harufu ya amonia, kidogo,
na kioo kimepata weupe wa pumzi dirishani.

Mashine ya eksirei inazunguka, inahesabu, inachora.
Kwenye nyuzi thelathini na nne na kitu
mlima mmoja, mwembamba, mrefu. Pembeni, tambarare.
Maana yake: fito zimesimama wima.
Lakini mlima hausemi mizizi imeshikaje.

Basi anavuta droo, anatoa kikatio cha babu Vendel,
fundi madirisha, mpini umelainika kwa jasho la mtu aliyekufa.
*Kioo hakikatwi, Piri. Kinakwaruzwa, kisha kinaombwa.*
Anakwaruza. Anaomba.
Tak.

Chini ya hadubini ya elektroni, ukingo uliovunjika:
juu, msitu ulionyooka, kila ufito nanomita themanini kwa unene;
chini, kwenye mbegu, vurugu tupu.
Huu umeegemea kushoto, ule umelala,
zimepigana viwiko katika giza la maji,
na kila uliokwenda upande
uligonga ubavu wa jirani, ukaishia hapo.

Anaandika urefu. Anaandika unene.
Halafu, nje ya mistari ya jedwali, kwa penseli:
*chini, wengi waliinama.*

"Zimesimama?" anauliza Botond, akifuta mikono.
"Zilizosimama zimesimama,"
anasema Piroska, na kurudi kwenye picha,
kuhesabu zile nyingine.