Redio Nzima

Mwezi wa kwanza walikata kipindi cha alfajiri.
Mimi sikuletewa habari, nililetewa redio:
tatu kwa siku moja, kibandani kwangu Nansio,
kati ya wauza machungwa na fundi cherehani.
Moja ya mbao, moja imefungwa mpira wa baiskeli,
moja imevikwa kitambaa cha kufuma kama bibi harusi.
"Machumu, haishiki London. Hebu itazame."

Nikazifungua migongo. Nikapuliza vumbi.
Nikatoa mende mkavu kwenye spika,
alifia humo, labda katikati ya taarifa ya habari.
Waya zimeshika. Kondensa haijavimba.
Nikasema: redio nzima.
Hawakuniamini. Fundi asiyeuona ugonjwa
huyo hajui kazi.

Mwezi wa nne, mvua ikitwanga mabati, wakahama mita.
Antena yangu ni waya uliopanda mchungwani.
Nikazungusha kifundo taratibu,
kama anayefungua mlango wa chumba alimolala mtoto.
Nikapata Wachina. Nikapata mahubiri.
Nikapata mtu akisoma tarakimu, tarakimu tupu,
na mara moja, kwa mbali, yule bwana
niliyezoea kumtambua kwa kikohozi chake
kabla hajamtaja aliyepinduliwa.
Radi ikapiga upande wa Ukara. Akazama.

Niseme kweli: waliotuma sauti ile sikuwapenda.
Babu alilimishwa pamba yao, na mgongo wake
ulikuwa na maandishi ambayo hakuna aliyetusomea.
Lakini waliosema walikuwa watu wetu,
Kiswahili chao kimepigwa pasi ya mkaa,
wakiitamka Vietnam kana kwamba iko ng'ambo ya Rugezi.

Na ile milio ya saa! Mitano mifupi, wa sita mrefu.
Baba alipanda kigoda, kidole kwenye mshale,
akingoja wa sita ndipo ausukume.
Nilidhani Uingereza nzima inaamka
kuja kurekebisha saa yetu ya ukutani.

Mwezi wa saba, michezo ikaondoka.
Vijana hawakushtuka. Mpira wanautazama kwa Bituro,
mia tano kiingilio, karanga juu yako.
Mwezi wa tisa, nusu saa ikawa robo.
Nikawa napokea redio kama zahanati inavyopokea wazee:
hawaumwi kitu, wanataka tu kuguswa.

Usiku wa mwisho alikuja Bi Nabigambo,
redio mgongoni, kaibeba kwa mbeleko.
Marehemu mumewe alikuwa karani wa kinu cha pamba;
walizoea kusikiliza wawili, bila kusemezana,
na hiyo, aliniambia, ndiyo ndoa yote.
Tukakaa. Wadudu wa ziwani walijaa kwenye taa,
nikawa nawafuta mezani kwa kiganja.
Mtangazaji akashukuru. Akataja miji,
Bujumbura, Kisangani, Mombasa, Mwanza,
na aliposema Mwanza bibi akaitika: "Naam."
Kisha mvumo. Mvumo tu,
kama dagaa wakimwagwa juu ya turubai.

"Ifungue," akasema.
Bibi, redio nzima. Kilichokufa kiko kule.
"Ifungue."
Nikaifungua. Nikapitisha brashi pasipo na uchafu,
nikakaza skrubu iliyokwisha kukazwa,
nikachomea risasi kidogo mahali popote,
ili moshi uonekane.
Akavuta pumzi ya ule moshi, akatikisa kichwa.
"Kiasi gani?"
Bure. Sikutengeneza kitu.
Akaniwekea machungwa matatu juu ya meza.
"Basi funika vizuri," akasema,
"wasije wakarudi wakaikuta wazi."

Saa ya baba bado inatembea.
Simu inasema hivi, yenyewe inasema vile,
tofauti yao ni dakika nne, juzi zilikuwa tatu.
Kigoda kipo. Sijakipanda.