Kilobaiti Moja

Mama alizitengeneza mchana,
nasi tukaichezea moja usiku,
ile iliyolipwa kwa kukatwa mshahara wiki kumi na moja,
Dundee, mwaka wa themanini na mbili,
ghorofa ya tatu, ngazi zinanuka kabichi na rangi mbichi.

Nyeusi, nyepesi, ndogo kuliko sahani.
Vitufe vyake havikuwa vitufe: vilikuwa picha za vitufe
juu ya ngozi ya plastiki; ukibonyeza, kidole hakijui
kama kimesikiwa.
Sauti haina. Rangi haina.
Televisheni ya marehemu babu ikaipa uso
mweupe kama maziwa yaliyotiwa maji,
na kumbukumbu yake (nilimuuliza Euan mara mbili)
kilobaiti moja.
"Hiyo ni kubwa?"
"Barua ya shangazi Jessie inaijaza," akasema,
"na shangazi hajamaliza hata kueleza mvua."

Mchezo tuliunakili kutoka gazetini.
Yeye anasoma, mimi nabonyeza,
fungua mabano, nuktamkato, sifuri si O,
nimekwambia sifuri!
Saa mbili nzima. Kwenye mstari wa mwisho mashine ikagoma:
imejaa.

Basi tukapunguza, kama mtu anayelikalia sanduku lifunge.
Likatoka jina la mchezo.
Yakatoka maelezo ya kucheza, tulikwisha yajua.
Ikatoka POLE UMESHINDWA, maana kushindwa hujieleza.
La mwisho kutoka lilikuwa neno HONGERA.
Euan alilifuta herufi moja moja,
na mchezo ukakimbia.

Nyota zikaanguka.
Vinyota tu, vile anavyoweka mwalimu pembeni mwa kosa,
nasi tulikuwa herufi U chini kabisa,
ndoo moja inayohangaika,
tano kushoto, nane kulia,
na kwa kuwa mashine ilikuwa bubu
Euan akawa sauti yake: tiii ukidaka, bwaa ukikosa,
hadi Bwana Lownie wa chini akagonga dari kwa mpini wa ufagio,
naye tukamhesabu kuwa sehemu ya mchezo.

Ukifikisha nyota arobaini, umemaliza.
Skrini inakaa kimya.
Umeshinda, umeshindwa, weupe ni uleule.

Mama alipita na pasi mkononi.
"Plagi," akasema, na mbingu nzima ikatoweka
kwa sababu shati la kazini lina mikunjo.
Hakuuliza tumefika nyota ya ngapi.
Mikono yake ilinuka lehemu.
Kutwa alipachika kidude hiki, na hiki, na hiki,
mia tatu kabla ya chai,
na mkaguzi hakuwa na neno
ila kwa kilichoharibika.

Kisha usiku mmoja wa Novemba,
ukungu wa mto Tay umebandika uso dirishani,
niliamka kutafuta maji.
Mwanga mweupe chini ya mlango.
Redio ya kaseti imefunikwa mto, isituamshe.
Mama, koti juu ya gauni la kulalia, magoti sakafuni,
vidole viwili tu, tano, nane, tano,
vidole vilivyoijua mashine ile kabla haijafunikwa.
Hakuitazama mikono. Na mdomoni, taratibu sana,
tiii.
Tiii.
Thelathini na nane.
Ya thelathini na tisa ilianguka pembeni kabisa,
nikauma kidole changu,
akaidaka.

Arobaini.
Skrini ikanyamaza kama tulivyoiamuru.
Mama akasubiri. Nilimwona akisubiri
neno tulilolifuta sisi.
Halafu akajipangusa mikono kwenye koti
kama mtu aliyemaliza zamu,
akasema, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia
jikoni wala ngazini:
"Vema, Netta. Vema sana."

Nikarudi kitandani na kiu yangu.