Kitasa

Tulikutana kila Alhamisi, saa moja jioni,
katika kanisa lililokwisha kusahau tenzi zake,
pale Blaenau, mji wa mawe ya sleti,
mvua ikinyesha kama kibarua anayelipwa kwa saa.

Ndimi niliyeshika ufunguo.
Na mlango niliufunga kwa ndani, kila mara,
eti baridi isiingie,
eti watoto wa mtaa wasije wakachungulia mazoezi.
Hakuna aliyelalamika. Nami sikuuliza.

Zoezi nililolipenda kuliko yote ni hili:
fumba macho, legeza magoti, jiachie kinyumenyume,
wenzako watakudaka.
Nililiita Imani.
Nililisomea siku tatu kule Cardiff, nikapewa na cheti.

Gethin akaanguka kama gogo, akadakwa, akacheka.
Mari akaanguka, miwani ikaruka.
Zamu ikamfikia Heulwen.

"Sitaki."
"Jaribu tu," nikasema,
nikamwekea mkono begani, kwa nyuma.

Hapa niacheni nisimulie polepole,
kwa kuwa pale mambo yalikwenda mbio.
Hakupiga kelele. Hakulia.
Alikauka akawa ubao, macho wazi, mwenyewe hayupo.
Kisha akaufuata mlango, akaukuta umefungwa,
akakitikisa kitasa,
akakitikisa,
akakitikisa,
nami nikipapasa mifuko yangu kutafuta ufunguo
katikati ya leso na risiti za basi.

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.
Methali hiyo naijua. Lakini haina neno
kwa yule aliyeushika unyasi mkononi
akautikisa, akidai anafundisha ujasiri.

Usiku ule niliandika barua, nikaichana. Ya pili pia.
Nilitaka kujua: nani? lini? alimfanya nini?
Nilijiambia huko ndiko kujali.
Gethin, aliyeacha vidole viwili machimboni,
alinisikiliza hadi chai yake ikapoa.
"Mtu si mgodi, Nerys," akasema.
"Usimchimbe."

Basi nikatuma kadi, yenye picha ya kondoo, ndiyo iliyokuwapo dukani:
*Nilikosea. Mlango hautafungwa tena kwa ufunguo.
Huna deni la maelezo.*

Alhamisi iliyofuata mlango ulikaa wazi
na baridi ikaingia kama mgeni aliyealikwa.
Tulivaa makoti. Tulinung'unika.
Gethin akaleta vipande vya sleti kutoka paa la banda lake,
kila mmoja chake, na chaki,
tuandike kinachotufaa siku hiyo, basi, bila kujieleza.
*Nisiguswe.* *Ile taa inayopepesa izimwe.*
Gethin huandika *Chai.*
Iolo huchora samaki. Mwaka sasa, samaki,
hatujui maana yake, na tunamwachia nafasi mezani.
Mwishoni tunafuta kwa mikono ya sweta. Hakiwekwi kitu.

Sitasema wote walifurahi.
Mari alisema tumegeuka trei ya mayai,
kwamba sanaa ni kuthubutu, na anayethubutu huumia.
Sikuwa na jibu. Mpaka leo ninalo nusu tu:
kwamba kuthubutu ni kwa mwenye mwili,
hakuazimwi, hakusukumwi begani.
Bado anakuja. Anachelewa, kwa makusudi nadhani.

Heulwen alirudi mwezi Machi.
Alikaa kiti cha karibu na mlango, koti limefungwa hadi shingoni,
sleti yake tupu mapajani.
Hatukushangilia. Iolo alisogeza sahani ya biskuti
kwa kidole kimoja, bila kumtazama.

Tukaanza kusoma onyesho la pili.
Upepo ukapeperusha kurasa za Mari, akasonya.
Na Heulwen akainuka.

Nilishika pumzi. Mikono yangu niliikalia.

"Baridi," akasema,
akausukuma mlango mpaka ukagota.
Akakizungusha kitasa mara moja, akaufungua, akaona mvua,
akaurudisha tena,
akaketi.

"Endeleeni," akasema. "Ukurasa wa ngapi?"