Vitunguu vya Mbegu

Ziwa Peipsi ni pana, lakini kina chake ni haba;
ndiyo maana mawimbi yake ni mafupi, ya hasira,
yanagonga ubao kama mdai aliyechoka kuahidiwa.

Mashua ya Terenti ina mbao saba mpya,
nyingine zote ni za babu yake.
Injini ilikohoa. Mimi nilikalia gunia la vitunguu vya mbegu
tukivipeleka kisiwani Piirissaar, kwa dada yake Feoktista,
ambaye hawajasemezana tangu mazishi ya mama yao.

"Kule usitupe hata ndoana," aliniambia,
akionyesha kwa kidevu maboya ya mpaka.
Ng'ambo yake maji ni ya Urusi,
ingawa samaki hawajaarifiwa,
wala ukungu.

Ukungu ulikuja bila hodi.
Ukameza mnara wa kanisa, ukameza mikono yetu.
Terenti akazima injini. Tukatega masikio.
Maji yakilamba ubavu. Kisha, mbali, mbwa.
"Huyo ni wake," akasema. "Hubweka kwa kigugumizi."
Tukakifuata kigugumizi hadi kwenye matete.

Feoktista alikuwa gatini, na mabuti ya mpira,
akanyanyua gunia kwa mkono mmoja,
akachungulia ndani, akakunja uso:
"Vimeota."

Neno la kwanza baada ya miaka sita.

Terenti akavua kofia, akaikamua, na haikuwa na maji.
"Basi vipandwe leo."

Akampa jembe.
Mimi nikapewa mbwa nimshike.