Herufi Saba za Kartoni

Kenga karudi na kazi ya Mwalimu Naliaka:
chukueni jina la mji wenu, mlivunje,
mtoe humo maneno ya Kiingereza, yasipungue manane,
kila herufi itumike kadiri ilivyo, isizidi.
Nikakata boksi la sabuni, vipande saba,
nikaandika kwa kaa la jikoni, maana penseli ni moja na ni yake:
M, A, L, I, N, D, I.
Tukavimwaga mkekani, chini ya taa ya simu.

Mwanangu ana mkono mwepesi.
MAIL, akasema, barua.
NAIL, msumari. Au ukucha, mama, inategemea.
MILD, na hilo akanieleza kwa mchuzi:
usiokereketa, ule unaompa mgonjwa.
Kisha LAND.
Hilo nalijua, nikamwambia,
limo mara tatu kwenye karatasi waliyotubandikia mlangoni
ile ya kututaka tuhame.
Akaandika bila kuinua uso.

Manne. Bado manne.
Akapanga, akapangua, akatafuna penseli.
Mkono wangu ukatoka wenyewe,
ukavuta M, ukavuta A, I, D.
"Neno gani hilo?"

Miaka kumi na mmoja nimelivaa kwa pini
juu ya titi la kushoto, kule hoteli ya Casuarina.
Wageni walisoma hapo.
Hawakusoma juu zaidi.

"Ni neno," nikasema. "Lina herufi nne. Andika."
Akalitazama. Akanitazama.
Hakuandika.

Alipolala nikabaki nazo.
Kiingereza changu kimeisha, vipande bado vipo,
na kipande cha boksi hakijui ni cha lugha gani.
Nikapata MALI. Nikapata DINI, nikapata MILA,
nikapata IMLA, iliyonilisha fimbo darasa la nne.
MAJI hayamo: hilo kila mwenye ndoo Maweni analijua.
DENI nililisaka, halimo, hatuna E,
lakini MDAI yumo, kakaa kitako,
na LINI imo, ndilo neno lake la kwanza akibisha hodi.
Nikacheka peke yangu, kwa ndani, nisimwamshe mtoto.

Kisha nikataka MIMI.
Haimo. M ni moja.
Nikataka kuuliza NANI.
N moja, A moja: haiulizwi.
Mji mzima, na soko lake, na misikiti yake,
na nguzo ya Mreno wanayoipiga picha,
hauna herufi za kukuuliza wewe ni nani.

Nikakaa na hilo kidogo.
Simu ikalia, chaji inakwisha.
Nikasogeza kwa ncha ya kidole, kama anayechambua mchele,
N, D, I,
nikaburuta M, na I ile nyingine:

NDIMI.

Kama mtu anayeitikia mlangoni kabla hajaulizwa.
Au ni zile za vinywani, wingi wake;
sijui mwalimu angeipigia tiki maana ipi.
Pembeni zilibaki L na A.
Hizo sikuzipanga. Zilikuwa zimejipanga, LA,
na taa ikazimika tukiwa hivyo, mimi na jibu langu
na kukataa kwangu, gizani, juu ya mkeka mmoja.

Asubuhi alishatoka.
Nilimwona jana akimalizia ukurasa, sijui saa ngapi aliamka tena,
maana daftari la mazoezi kaliacha wazi juu ya debe la unga,
kachukua lile safi.
Neno la tano ni MAID,
mwandiko mdogo kuliko mengine.
Safu ya maana ameiacha tupu.

Vipande kaondoka navyo mfukoni.
Nilipofagia nikakuta kimoja chini ya mtungi, I,
sijui ya kwanza au ya pili.
Nimekisimamisha kwenye rafu ya sufuria.
Atakirudia.