Mita Hamsini

Lushinge alikuja amefumbua kiganja,
saa imelala humo kama furu aliyetolewa majini.
"Fundi, nimetapeliwa. Soma mgongoni mwenyewe."
Nikashusha lenzi jichoni: *mita 50*.
"Haya. Na boksi langu la barafu lina kina gani?
Mkono unazama hadi kiwiko, basi.
Hata mita moja sijafika!"

Chini ya kioo, ukungu.
Mshale wa sekunde ulikuwa ukitapatapa palepale, mfa maji,
na tone moja limekaa juu ya namba nne
kama mpangaji aliyelipa kodi ya mwaka.

Nikamsogezea kigoda, miguu yake nje,
maana Makoroboi asubuhi hapana pa kukunja goti.
Sikia, nikamwambia, namba hii haikupimwa Mwaloni.
Ilipimwa mtungini, saa ikiwa mpya, haijui jasho,
maji yametulia tuli, yakaikandamiza taratibu
kama ambavyo mita hamsini zingeikandamiza,
halafu yakaiachia. Dakika chache. Ikafaulu.
Nawe ulifaulu darasa la saba, Lushinge,
mbona jana chenji ilikupiga chenga?

Mkono ukitupwa majini huja na uzito wake.
Yapige maji kofi, uone kama hayarudishi.
Ndiyo maana ya thelathini ni ya manyunyu na kunawa,
usiende nayo hata bafuni.
Hii yako, hamsini, ogelea kidogo ukingoni,
ila usiruke kutoka juu ya jiwe.
Ukitaka kuogelea kweli, mia.

"Mia!" akanidaka. "Ziwa lote, wanasema, halifiki mia."
Kweli. Themanini na kitu, huko ndani kwenye giza.
"Basi ya mia haiwezi kufa maji humu!"

Nilicheka hadi bisibisi ikaanguka.
Nimefungua ya mia mbili mimi, kwa mikono hii,
ya yule mzamiaji anayekagua matumbo ya meli bandarini.
Ziwa halikuiweza.
Iliuawa na beseni: ilisahaulika mfukoni mwa shati,
ikafuliwa, kitufe cha pembeni kimevutwa,
mlango wazi.
Kina cha beseni, shubiri moja na povu.

Nikamfungulia yake. Harufu ya sangara ikatoka,
ndani ya saa, nakuapia, sangara.
Nikauchomoa mpira kwa kibano,
mwembamba kama utumbo wa dagaa,
umekauka, umepasuka mahali pamoja.
Mita zako hamsini ndizo hizi, nikamwambia.
Saa sita jua linaichemsha saa mkononi,
ghafla unaitia kwenye barafu:
chuma kinajikunja, hewa ya ndani inajikunyata,
inatafuta pa kuvutia pumzi,
na mpira mzee hauwahi kuziba.

Akautazama muda mrefu kuliko nilivyotegemea.
"Mpya bei gani?"
Elfu tatu. Na mwakani tena.
"Saa yenyewe nilinunua elfu nane."
Akahesabu kwa vidole, akarudia.
"Basi nitachotea barafu mkono wa kulia."
Boksi la sangara, nikamuuliza, unalibeba kwa mkono mmoja?
Hakujibu. Alitoa elfu mbili na mia tano.
Nikapokea.

Mimi yangu haina namba yoyote.
Mvua ikianza tu kule juu Bugando
naivua, naitia kwenye kopo la majani ya chai.

Jumamosi nilishuka Mwaloni kutafuta sato.
Saa ya Lushinge iko kwenye msumari, juu ya mizani,
hatua tatu kutoka kwenye barafu,
na wachuuzi wote wanaisoma, wanaigombea,
wanafungia biashara kwa dakika zake.
Aliniona, akanyanyua mkono kunisalimu:
kwenye kifundo, duara jeupe,
likimetameta magamba.

Iko nyuma dakika saba.
Sikumwambia.